Bravo 1954 au kurudishwa 1957: ni lipi lililowaumiza zaidi watu wa Rongelap?

#1 Mpiga Makasia

Wakuu, salaam.

Nina hoja na naomba ichambuliwe bila kupakana mafuta. Castle Bravo wengi wetu tunaijua: bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililipua Bikini, Visiwa vya Marshall, alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Nguvu yake megatani 15, kama mabomu elfu moja ya Hiroshima kwa mpigo. Upepo ukabeba vumbi kuelekea mashariki, kilomita 150 hivi, hadi Rongelap. Watu wa pale wakaona kama jua linachomoza magharibi. Saa chache baadaye unga mweupe ukaanza kushuka. Yalikuwa ni matumbawe yaliyochomwa na kusagwa na bomu. Watoto wakauchezea. Ukaingia kwenye maji ya mvua waliyokinga, kwenye chakula, kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Kufika usiku ni kutapika, macho kuwasha, ngozi kuungua. Walikuja kuondolewa baada ya siku mbili, wakapelekwa Kwajalein.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mwaka. Mimi nasema dhambi kubwa zaidi ilitendeka baadaye, bila mlipuko wowote. Juni 1957 watu wale walirudishwa Rongelap wakaambiwa ni salama. Wakaishi pale miaka 28, wakila nazi, shelisheli na kaa wa pale pale. Mwaka 1985 wakaamua wenyewe kuhama, na serikali iliyowarudisha haikuwasaidia kubeba hata mkeka.

Kwa nini walirudishwa? Ujinga, haraka, au kuna waliotaka kuona kitatokea nini?

#2 Nyuki wa Tabora

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Kamau wa Kilifi

Mleta uzi, jibu ni hilo la tatu. Majaribio ya binadamu, wazi kabisa.

Januari 1956, kwenye kikao cha wataalamu wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, Merril Eisenbud alizungumzia visiwa hivi. Akasema ni miongoni mwa mahali palipochafuka kuliko pote duniani, na kwamba ingevutia kupata takwimu za watu wanaoishi mahali kama hapo. Kisha akaongeza kwamba watu hawa hawaishi kama wastaarabu wa Magharibi, lakini wanafanana nasi kuliko panya. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za kikao chenyewe.

Halafu kuna ripoti ya madaktari wa maabara ya Brookhaven waliokuwa wakiwapima kila mwaka, wakiongozwa na Robert Conard. Baada ya watu kurudi, iliandikwa kwamba kukaa kwao kisiwani kutatoa data zenye thamani kubwa kuhusu mionzi kwa binadamu. Ukishasoma maneno hayo mawili unatafuta ushahidi gani tena?

#4 Fundi Mionzi

Habari zenu. Nafanya kazi ya eksirei na nimesoma fizikia ya mionzi, kwa hiyo niruhusuni nitenganishe mambo ambayo uzi umeyachanganya tangu mwanzo.

Madhara yanayojulikana zaidi Rongelap ni ya tezi ya shingo. Nianze na huko.

Mama yangu mkubwa, kijijini Makete, alikuwa na rovu, lile donge la shingoni, kubwa kiasi cha kushindwa kufunga kifungo cha juu cha gauni. Nyanda za juu hazina madini joto ya kutosha kwenye udongo, ndiyo maana serikali ikaamuru yawekwe kwenye chumvi. Tezi ya shingo inayanyonya madini joto popote ilipoyapata, na haina uwezo wa kujua haya ni ya kawaida na haya yametoka kwenye bomu. Bomu la nyuklia linatoa ayodini-131, yaani madini joto yenye mionzi. Mtoto anakunywa maji yenye vumbi, tezi inanyonya, na mionzi yote inamalizikia kwenye kiungo kidogo kilichopo shingoni. Tezi ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kiasi kilekile kinamchoma zaidi.

Vinundu vya kwanza vya tezi vilionekana 1963. Katika watoto waliokuwa na umri chini ya miaka 10 siku ile ya Bravo, karibu wote walikuja kupata matatizo ya tezi. Wavulana wawili waliokuwa wachanga walidumaa kabisa, hawakukua.

Sasa, mleta uzi, hapa ndipo hoja yako inapokwama. Ayodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Ndani ya miezi michache imekwisha. Kufikia Juni 1957 hapakuwa na chembe iliyobaki kutoka Bravo. Tezi za watoto wale ziliharibiwa zile siku za kwanza mwezi Machi 1954, kabla ya meli kuja kuwachukua. Hata yule kijana Lekoj Anjain, mtoto wa hakimu wa kisiwa John Anjain, alikuwa na mwaka mmoja tu Bravo ilipolipuka, akafariki 1972 kwa saratani ya damu. Ukitafuta kilichowaumiza zaidi kiafya, ni zile saa 50 za kuachwa kwenye vumbi.

#5 Mpiga Makasia

Fundi, asante, umeeleza vizuri. Ila umejibu kuhusu tezi. Vipi sisiamu na strontiamu, zile sumu nyingine za mionzi za bomu? Hizo haziishi kwa siku 8.

Na hapo kwenye saa 50 kuna jambo. Wamarekani 28 waliokuwa kituo cha hali ya hewa kule Rongerik, mbali zaidi kuliko Rongelap, waliondolewa kabla ya watu wa Rongelap. Vumbi hilohilo, bahari hiyohiyo.

#6 Mkulima wa Makunduchi

Assalaam alaykum wana jamvi.

Naomba niingilie kwa upande wa mnazi, maana hapo ndipo nina ujuzi. Sisi wa kusini Unguja tunalima juu ya mawe ya matumbawe, udongo ni kiganja tu katikati ya mwamba. Mnazi ukiwa kwenye ardhi kama hiyo unakuwa na njaa ya potasiamu. Utauona, majani ya chini yanapiga rangi ya machungwa, yanakauka kuanzia nchani, nazi zinakuwa chache na ndogo. Ukiupa jivu au mbolea ya potashi unafufuka.

Sasa sisiamu-137 kikemia ni jamaa wa potasiamu. Atoli za Marshall, yaani visiwa vya duara vinavyozunguka bahari ya ndani, ni matumbawe matupu, potasiamu hakuna. Mnazi wenye njaa ukikutana na sisiamu unaibeba ukidhani umepata chakula, unaipeleka hadi kwenye dafu na nyama ya nazi. Mkadi na mshelisheli vivyo hivyo. Kaa wakubwa wanaokula nazi, kama wale wa Chumbe, nao wanaikusanya. Na sisiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 30. Aliyerudi 1957 alikuwa anaila kila siku.

Wataalamu walikuja kugundua baadaye kwamba ukimwaga mbolea ya potasiamu chini ya minazi ya Bikini, sisiamu kwenye nazi inashuka kwa asilimia 90 hivi, kwa sababu mti umeshiba. Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki liliandika ushauri huo 1998. Miaka 41 baada ya kuwarudisha watu wa Rongelap! Elimu ya mbolea ya minazi mkulima yeyote angewapa mapema.

#7 Kamau wa Kilifi

Mkulima, umenifungua macho. Hiyo ya majani ya machungwa naiona kwa shamba la baba yangu kila siku.

#8 Mkulima wa Makunduchi

Tia potashi basi, usiishie kuiona.

#9 Wakili wa Nkuhungu

Wakuu, mnazungumza fizikia na kilimo, lakini kurudishwa kwa watu ni uamuzi wa kisiasa. Tazameni nani alikuwa mwenye mamlaka.

Visiwa vile vilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Marekani tangu 1947. Sisi Tanganyika tulikuwa chini ya udhamini huohuo, msimamizi wetu akiwa Mwingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Mbelgiji. Zilikuwa nchi 11 kwa jumla. Ya Pasifiki peke yake ndiyo iliyopewa sifa ya udhamini wa kimkakati, yaani msimamizi aliweza kuifunga kwa sababu za kijeshi.

Aprili 1954, mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya Bravo, Wamarshall walituma ombi rasmi New York. Waliomba majaribio yasimamishwe mara moja. Kama haiwezekani, watu wahamishwe kwa usalama kabla ya milipuko na wafundishwe kujikinga. Someni unyenyekevu wa ombi hilo: waliosema "kama haiwezekani" ni watu ambao ngozi zao zilikuwa bado na vidonda. Julai 1954 Baraza la Udhamini likapitisha kwamba kama majaribio yanaonekana ni ya lazima, Marekani ichukue tahadhari. Basi. Miezi minane baadaye, Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilohilo kuitetea Tanganyika. Huwa najiuliza kama aliambiwa nini kimepita katika chumba kile mwaka uliotangulia.

Hoja yangu ni kwamba msimamizi aliyekuwa akiandika ripoti kila mwaka kwa Baraza hakutaka kuonekana ana wakimbizi mikononi. Watu wakirudi kwao, faili limefungwa. Hiyo kwangu inatosha kueleza 1957, bila hata nadharia ya panya.

#10 Msomaji wa Usiku

Wakili naunga mkono, lakini kuna ushahidi mmoja unaokupa shida. Kama walitaka tu kufunga faili, kwa nini 1958 waliendelea kulipua? Watu wa Rongelap walikuwa wameshakaa nyumbani mwaka mzima, na mwaka huo Marekani ikalipua mabomu zaidi ya 30 Bikini na Enewetak, atoli nyingine ya Marshall. Hawakuwahamisha.

Linganisha na 1946. Majaribio ya kwanza ya Bikini yalikuwa mabomu mawili ya ukubwa wa lile la Nagasaki, madogo mno ukilinganisha na Bravo. Mwaka huo watu wa Rongelap walihamishwa kwa muda hadi atoli ya Lae kwa tahadhari. 1946 tahadhari, 1954 hakuna, 1958 hakuna. Kadiri mabomu yalivyokua ndivyo tahadhari ilivyopungua.

#11 Mpiga Makasia

Hiyo ya Lae sikuwa nimeipa uzito. Inauma.

#12 Likasi243

Bandugu, jambo. Mimi ni wa Likasi, Katanga. Mnaandika kama jambo hili ni la Wamarekani na visiwa tu. Urani ilitoka kwetu, Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka mjini. Wazee wetu waliichimba kwa mikono na kuibeba kwenye magunia, kampuni ikiwa ya Wabelgiji. Hakuna aliyewapima, si shingo, si damu. Bomu la Bravo ni la Katanga.

#13 Fundi Mionzi

Ndugu wa Likasi, pole, na ni kweli historia yenu haisemwi. Ila tuwe makini. Theluthi mbili hivi ya urani ya mpango wa mabomu wakati wa vita ilitoka Kongo, nyingine Kanada na Marekani yenyewe. Kwa mabomu ya Bikini ya 1946 una hoja yenye nguvu: yalikuwa ya plutoniamu, na plutoniamu inapikwa kutokana na urani, ambayo miaka ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Shinkolobwe. Kufikia 1954 walikuwa wananunua kutoka nchi nyingi. Nani anaweza kusema ipi iliingia kwenye Bravo?

#14 Likasi243

Sawa mwalimu. 1946 inatosha. Mgodi ulifungwa na mashimo kuzibwa kwa zege, lakini watu walirudi kuchimba kobalti, na 2004 ukaporomoka ukaua. Nikisoma hapa habari za Rongelap naona mambo yanafanana: mahali palipochafuka, watu wenye shida wakarudi.

#15 Baharia wa Chumbageni

Wanajamvi, mimi nimekula chumvi, nimefanya kazi kwenye meli za mizigo. Meli yangu ya mwisho ilikuwa na maandishi makubwa nyuma: jina la meli, na chini yake MAJURO. Kazi yangu ilikuwa pamoja na kuyapaka rangi upya. Unaning'inia kwenye ubao, kamba kiunoni, brashi mkononi, unajaza herufi moja moja: M, A, J. Majuro ndiyo mji mkuu wa Visiwa vya Marshall. Meli nyingi sana duniani zina bendera yao, ingawa ofisi ya kuziandikisha iko Virginia, Marekani. Wengi melini hatukujua ni nchi gani.

Aliyetufumbua ni msaidizi wa injini, kijana wa Kiribati, majirani zao wa kusini. Kwao Kiritimati ndiko Mwingereza alikojaribu mabomu ya haidrojeni 1957 na 1958, na Mmarekani akaja kulipua 24 mwaka 1962. Alisema babu yake alisimulia kwamba walihesabiwa, wakapandishwa melini wakaketi chini ya deki, wakaonyeshwa filamu za katuni ili wasiogope kishindo. Kisha wakarudishwa kijijini jioni, samaki wanaelea wamekufa. Alikuwa anasimulia huku anafuta mikono kwa tambara, sauti ya kawaida tu, kama anaeleza habari za mvua.

#16 Nyuki wa Tabora

Baharia, kwa hiyo Majuro ulifika au uliishia kuipaka rangi?

#17 Baharia wa Chumbageni

Sijafika. Nenda wewe na mizinga yako ukatuletee habari.

#18 Mama Nasra Mkunga

Nimesoma kurasa zote kimya, sasa naomba nafasi. Mnabishana 1954 au 1957 na mnahesabu tezi kwa sababu tezi inapimika. Mimi ni mkunga. Kuna kitu hamjakigusa.

Lijon Eknilang alikuwa msichana mdogo Rongelap siku ya Bravo. Mwaka 1995 alikwenda The Hague, akasimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki na kusema mimba saba zilimharibikia. Alieleza wanawake wa kisiwa kile waliozaa viumbe visivyo na mifupa, ngozi inaangaza hadi unaona moyo unadunda, vinapumua siku moja au mbili kisha basi. Wakawaita watoto wa yavuyavu. Kabla yake Darlene Keju aliyasema hayo Vancouver mwaka 1983 mbele ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wote wawili walisema jambo moja: wanawake walinyamaza miaka kwa aibu. Walidhani wamekosea, au waume wangedhani wametoka nje ya ndoa.

Mimi nimepokea mtoto mwenye maumbile ambayo sikuwahi kufundishwa. Mama aliniuliza kitu kimoja tu: nimekula nini? Nilimshika mkono. Sikuwa na jibu la kitaalamu, na hakuna aliyekuja kuandika popote. Kwa hiyo mtu akiniambia takwimu hazionyeshi ongezeko la watoto wa namna ile Rongelap, namuuliza nani alikuwa anaandika? Madaktari walikuja mara moja kwa mwaka na sindano za damu. Mimba inayoharibika usiku haiwasubiri.

#19 Fundi Mionzi

Mama Nasra, heshima yako. Sitabisha ushuhuda wa mama aliyepoteza mimba saba.

Nitakachosema ni kwamba kisiwa cha watu wachache kinaitesa takwimu. Waliokuwa Rongelap siku ile ni 64, na wengine 18 walikuwa wamekwenda atoli jirani ya Ailinginae. Kwa watu 82 hata jambo la kweli linaweza lisionekane kwenye hesabu. Na si la uzazi tu. Taasisi ya saratani ya Marekani mwaka 2004 ilikadiria kwamba majaribio yangesababisha saratani 530 za ziada kwa Visiwa vya Marshall vyote. Mwaka 2010 wataalamu walewale wakatoa kadirio jipya: 170 hivi. Visiwa vilevile, mabomu yaleyale 67, namba imeshuka hadi theluthi.

#20 Kamau wa Kilifi

Na ukiangalia nani analipa kulingana na namba hizo, utaelewa kwa nini inashuka.

#21 Fundi Mionzi

Kamau, vipimo vya udongo na hesabu za kipimo cha mionzi viliboreshwa kati ya hapo. Si lazima iwe njama.

#22 Kamau wa Kilifi

Si lazima, lakini haiboreki kuelekea juu hata siku moja.

#23 Dada wa Springdale

Salamu kutoka Arkansas. Hapa Springdale ninakoishi kuna Wamarshall wengi sana, nadhani hakuna mji wa Marekani bara unaowazidi. Wengi walikuja kufanya kazi viwanda vya kuku. Nasali na baadhi yao.

Niongeze jambo ambalo si mionzi. Ugonjwa ninaousikia kila Jumapili ni kisukari. Miguu inakatwa, watu wa miaka hamsini wako kwenye mashine za figo. Mama mmoja wa asili ya Bikini alinionyesha kabati lake: mchele, unga wa ngano, nyama ya kopo. Akasema hivyo ndivyo walivyokula Kili tangu utoto wake. Watu wa Bikini, 167, walihamishwa Machi 1946. Commodore Wyatt alikuja baada ya ibada ya Jumapili kuwaomba kisiwa chao kwa faida ya wanadamu wote na kukomesha vita. Wakapelekwa Rongerik wakateseka kwa njaa, kisha 1948 Kili. Kili hakina bahari ya ndani iliyotulia kama atoli. Ni kisiwa kimoja kimesimama peke yake, mawimbi yanakipiga, na miezi mingi ya mwaka boti haitui. Wavuvi wanaoijua bahari kuliko sisi wote wakawa wanasubiri makopo kutoka melini.

Kwa hiyo hata mtu ambaye hakuguswa na chembe ya vumbi anaweza kuwa anakufa kwa ajili ya bomu. Hesabu ya saratani haimuoni.

#24 Mpiga Makasia

Dada wa Springdale, hapo umeupanua uzi kweli. Asante.

Na Bikini wenyewe walirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaondolewa tena 1978 baada ya sisiamu kuonekana mwilini mwao. Yaani kosa la Rongelap lilirudiwa. Ndiyo maana nashindwa kukubali neno "ujinga". Ujinga wa mara ya pili unaitwaje?

#25 Wakili wa Nkuhungu

Na haki ya fidia hatujaigusa. Japani ililipwa dola milioni 2 mwaka 1955, kwa ajili ya meli ya uvuvi ya Daigo Fukuryu Maru iliyonyeshewa na vumbi la Bravo ikiwa na mabaharia 23. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 1954. Rongelap wakasubiri hadi 1964 kupata dola 950,000. Mkataba wa 1986 kati ya Marekani na Visiwa vya Marshall ukaweka mfuko wa milioni 150 kama malipo kamili ya madai yote, ya nyuma na yajayo. Kisha baraza la madai lililoundwa kwa mkataba huohuo likapitisha fidia za zaidi ya bilioni 2. Hukumu zipo, pesa hakuna.

Mwaka 2014 Visiwa vya Marshall vikazishtaki nchi tisa zenye silaha za nyuklia The Hague. Aliyesimama mbele alikuwa waziri Tony deBrum, ambaye aliiona Bravo akiwa na miaka tisa, yuko kwenye maji ya Likiep anavua na babu yake. Mwaka 2016 mahakama ikasema haina mamlaka ya kusikiliza. Dhidi ya Uingereza kura zilikuwa nane kwa nane, ya rais wa mahakama ikaamua.

#26 Kamau wa Kilifi

Narudi kwenye upepo. Taarifa ya usiku wa manane kabla ya Bravo ilionyesha upepo unageuka vibaya, wakaendelea. Hilo halikanushiki.

#27 Fundi Mionzi

Halikanushiki. Lakini pia walitarajia megatani 6 hivi, wakapata 15, kwa sababu walidhani litiamu-7 iliyokuwa ndani ya bomu haitashiriki, nayo ikashiriki. Kamati iliyoundwa na Rais Clinton ilipitia nyaraka na mwaka 1995 ikasema haikupata ushahidi kwamba watu waliachwa kwenye vumbi kwa makusudi. Ila ikakubali kwamba baadaye baadhi yao walipewa vipimo vya mionzi ambavyo havikuwa kwa ajili ya kuwatibu.

#28 Msomaji wa Usiku

Kwa hiyo kwa kamati: kuwachoma si makusudi, kuwasoma ni makusudi. Na mleta uzi anauliza kuhusu 1957, mwaka wa kuwasoma.

Jambo moja limeachwa. Conard alihitaji watu wa kulinganisha nao. Akawatumia watu wa Rongelap ambao 1954 hawakuwapo kisiwani, waliorudi 1957 pamoja na jamaa zao. Wakawekwa kwenye orodha kama ambao hawakuathirika, huku wanakula nazi zile alizoeleza Mkulima. Kundi la kulinganisha nalo lilikuwa linanyweshwa mionzi.

#29 Mkulima wa Makunduchi

Subhanallah.

Lakini nami niwakumbushe, watu wenyewe walitaka kurudi. Miaka mitatu kwenye ardhi ya wengine, makaburi ya wazee yako kule, bustani ziko kule. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukimwambia mtu kwenu kuko salama, atakuuliza vipimo? Atapanda chombo.

#30 Mpiga Makasia

Ndiyo, na aliyekuwa na vipimo alijua hilo.

#31 Kijana wa Mikindani

Mmesahau Wafaransa. Mabomu 193 Moruroa na Fangataufa, 1966 hadi 1996. Walianzia Afrika, Reggane, Algeria, 1960. Walipofukuzwa Sahara wakahamia Pasifiki. Julai 1974 wingu la bomu la Centaure lilifika hadi Tahiti. Sheria ya fidia imekuja 2010!

#32 Nyuki wa Tabora

Kijana, huo ni uzi mzima peke yake. Ufungue tutakuja.

#33 Baharia wa Chumbageni

Swali kwa Fundi: lile kuba la zege la Runit, Enewetak, linavuja au halivuji? Kila mtu anasema lake.

#34 Fundi Mionzi

Lilijengwa 1977 hadi 1980 juu ya shimo la bomu la Cactus la 1958. Wakamwagia humo udongo mchafu, wakafunika kwa zege la unene wa sentimita 46 hivi. Chini hawakuweka sakafu. Shimo ni matumbawe, na matumbawe yana vitundu, kwa hiyo maji ya bahari yanaingia na kutoka kila bamvua linapojaa na kupwa. Marekani inasema uchafu uliobaki nje, chini ya bahari ya ndani ya Enewetak, ni mwingi kuliko uliomo ndani ya kuba, hivyo hata likivuja halibadilishi sana. Hilo kwa hesabu ni sahihi. Ila plutoniamu-239 inapungua nusu kila baada ya miaka 24,100, na zege lile limeshaanza kupata nyufa.

#35 Mama Nasra Mkunga

Na watu wa Enewetak walirudishwa lini?

#36 Fundi Mionzi

1980, mama. Kuba lilipokamilika.